Mzee Gebhard, Aliyezijua Siri Zetu kwa Ukucha

Jumapili tarehe 13 Aprili 2025, saa sita mchana, Gebhard Pircher atazima pasi anayoyeyushia nta ya mbao za kutelezea thelujini katika karakana ya Klabu ya Ski ya Ausserlahn na kutundika aproni yake kwa mara ya mwisho. Ametutumikia misimu arobaini na miwili, tangu Novemba 1983. Hajawahi kukosa kazini, isipokuwa siku nne za mwaka 1991 ambazo nitazieleza, kwa kuwa mkewe ametaka zielezwe.

Kazi ya kuandika haya kwa kijarida cha klabu, kinachotoka kwa lugha mbili, nimepewa na mwenyekiti wetu, Bi Edeltraud. Alisema mbele ya kamati nzima: "Nadja hasemi, lakini anaandika. Tena amesoma shule mbili, ya Kijerumani na ya Kiitaliano, kwa hiyo ataandika mara moja na kujitafsiria mwenyewe." Sikukataa, maana kukataa kunahitaji mtu afungue mdomo.

Basi. Mzee Gebhard alizaliwa mwaka 1960 kwenye ile nyumba iliyo juu ya kituo cha chini cha lifti ya kupandishia watu mlimani. Alifungwa ski miguuni akiwa na miaka mitatu, kwa kamba za kufungia ndama, kwa sababu buti za mguu mdogo namna ile hazikuwepo kijijini. Akiwa na miaka kumi na minne alipelekwa shule ya bweni ya wanamichezo. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa kwenye timu ya mkoa, na picha yake ya wakati huo, namba 31 kifuani, ingali inaning'inia kwenye baa ya Hirschen. Ana nywele nyingi sana katika picha hiyo, na wageni huuliza huyu kijana alihamia wapi. Mwenyewe huwa amekaa hapo hapo chini yake, anakunywa supu.

Februari 1983 alianguka mbioni kwenye lango la nane, yaani jozi ya nane ya nguzo za kupita kati yake, katika mteremko wa Schattwand mbele ya kijiji kizima. Goti la kushoto likakatika. Novemba ya mwaka huo akachukua ufunguo wa karakana na kuanza kunoa na kupaka nta ski za watoto wa wenzake. Hivyo ndivyo kila mtu Ausserlahn anavyosimulia, na hata mimi nilisimulia hivyo hadi mwezi uliopita.

Mtu aliyelelewa na mbio za ski hujulikana hata akivaa suti. Mzee Gebhard anashuka ngazi kiubavu mpaka leo, kama vile bado amevaa buti ngumu. Ukimuuliza ni mbali kiasi gani hadi kituo cha basi, anakupa jibu kwa sekunde, na anaongeza kwamba inategemea barafu. Kwenye duka la jibini huchukua kona ya rafu kwa ndani kabisa, bega chini, kikapu mbele. Mama muuzaji ameshazoea, huwaambia wateja wapya: "Mpisheni huyo, hana breki."

Halafu kuna lile la mkono. Wote tuliopita klabuni tunalifanya: kabla ya mbio unasimama, unafumba macho, na kiganja chako kinacheza hewani kushoto kulia, kushoto kulia, ukikariri malango. Mzee Gebhard alilifanya siku ya harusi yake, kwenye mlango wa kanisa. Picha ipo. Mkewe, Zita, ameifungia kioo na kuiweka sebuleni. Husema: "Padri alidhani ananiombea. Kumbe anakariri njia ya kufika madhabahuni, na njia yenyewe imenyooka kama rula."

Zile siku nne za 1991 zilikuwa likizo ya baharini, Rimini. Zita alikuwa ameiomba miaka sita. Wakafika, akatandika taulo, akafungua chupa ya mafuta ya kujipaka. Mumewe alivua kiatu, akachota mchanga, akausugua kwa vidole, akaunusa, akasema: "Chembe kubwa, zina unyevu. Hapa ni nta ya manjano tu, ile ya theluji yenye maji." Siku ya pili aliwaeleza Wajerumani wa chumba cha jirani hayo hayo ya mchanga na nta. Siku ya nne Zita alifunga masanduku mwenyewe.

Mafanikio yake yanatakiwa kuandikwa hapa, lakini ameniharibia kazi, kwa sababu hakuyaandika popote. Ukutani kwenye karakana, juu ya meza ya kazi, kuna maandishi ya penseli ya miaka yote hiyo, na yote ni makosa. "7 Februari 2004. Niliwapaka wote nta ya baridi. Upepo wa joto ukaja saa tatu. Watoto walinata kama nzi kwenye asali. Kosa langu." Siku hiyo, naambiwa, alisimama kwenye mstari wa mwisho na kumwomba radhi kila mzazi mmoja mmoja, akiwa ameshika kofia mkononi. Baba mmoja alimjibu kwamba mwanawe angekuwa wa mwisho hata kwa nta ya malaika. Nimehesabu makosa ukutani: yako hamsini na manne. Kwa misimu arobaini na miwili, na ski zaidi ya sitini kila wiki, nadhani hesabu hiyo inatosha kuwa medali.

Sasa niseme jambo ambalo kila mwanachama analijua ila hajaliona kwenye kijarida. Kwa Mzee Gebhard huwezi kudanganya. Unamletea ski Alhamisi jioni, anazibana kwenye jiliwa, anapitisha ukucha wa dole gumba kwenye ukingo wa chuma ulio pembeni mwa ski. Ukingo mkali unakwangua ukucha na kuacha unga mweupe, ukingo uliochoka unateleza tu. Anafanya hivyo kuanzia ncha hadi mkia, upande wa ndani, upande wa nje, na anapomaliza anajua wiki yako ilikwendaje. Anajua nani anaogopa kona za kushoto. Anajua nani alikunywa bia Jumamosi akaegemea nyuma Jumapili. Mwaka juzi binamu yangu Ruben alichukua ski za mbio akaenda nazo kwenye theluji ya msituni, jambo ambalo ni kama kulimia kwa kisu cha keki. Mzee Gebhard alitazama mkwaruzo mmoja, akauinamia kwa miwani.

"Jiwe hili nalifahamu," akamwambia. "Liko chini ya ule msonobari uliopasuka, kushoto mwa kijito. Lilinipata mwaka sabini na tano. Ukipita tena, lisalimie."

Ruben hakupita tena.

Na mimi. Nilijiambia nisijiweke humu, lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nikijitoa, na yeye mwenyewe ameniambia nijiweke.

Nina miaka kumi na sita. Nimekimbia mbio za klabu tangu nikiwa na mitano. Kwa majira kumi na moja ya baridi baba yangu, Meinrad, ambaye ni seremala na anapenda usingizi, ameamka kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri kunipeleka mlimani. Mnamo Krismasi iliyopita nilitambua kwamba sitaki tena. Hakuna kilichotokea. Sikuumia, sikugombana na mtu. Napenda theluji, napenda sauti ya ski kwenye barafu asubuhi, ila nikisimama kwenye kibanda cha kuanzia tumbo linakuwa kama limejaa maji ya bomba, na hilo limeendelea miaka mitatu, nami nimechoka nalo.

Kusema sikuweza. Mtasema ni neno moja tu, lakini ninyi ni watu wa kusema. Nilichoweza ni kujificha. Kuanzia Januari nilikuwa nashuka mara ya kwanza na kikundi, nikipita taratibu pembeni mwa malango, halafu nabaki kwenye banda la lifti ya juu, ambako kuna kipasha joto na benchi. Mwalimu wetu ana watoto ishirini wa kuchunga na husimama chini ya kona, kwa hiyo hakuona. Kila Alhamisi nilipeleka ski zangu karakana pamoja na wenzangu, na kila Ijumaa nilizichukua.

Alhamisi ya tarehe 13 Machi Mzee Gebhard aliniacha wa mwisho. Wengine walipoondoka alibana ski yangu, akapitisha ukucha. Unga mweupe ukaanguka mezani. Akapitisha tena upande wa pili. Unga.

"Binti," akasema, "hizi zinarudi kwangu kama zilivyoondoka."

"Theluji ilikuwa laini."

"Wiki tisa?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mimi ni mzee, siyo mjinga. Nimenoa ski zenye makali kwa wiki tisa, chuma kinaisha bure. Huko juu unafanya nini?"

"Nasoma."

"Unasoma nini?"

"Vitabu."

"Ah. Angalau siyo simu." Akachukua brashi akasafisha meza ambayo ilikuwa safi. "Baba yako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Hapo nilianza kulia, jambo ambalo sipendi kuliandika, lakini aliliona, na Ruben aliyekuwa amerudi kuchukua glavu zake aliliona pia, kwa hiyo wote mtakuwa mmeshalisikia. Mzee Gebhard alimfukuza Ruben kwa tupa mkononi, akafunga mlango, akakaa juu ya kreti ya nta.

Aliyoniambia naandika kwa ruhusa yake. Nilimuuliza mara tatu. Alijibu: "Zita anajua tangu 1984. Wengine waambie. Nikishastaafu watanifanya nini, wanifukuze?"

Aliniambia kwamba tangu kiangazi cha 1982 alitaka kuacha mbio. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, picha yake tayari iko baani, baba yake ameuza maziwa ya miaka minane kumsomesha bweni, na bonde zima likimwita kwa jina la utani alilopewa kwenye mbio. Hakujua amwambie nani. Alijaribu kumwambia baba yake wakati wa kukata majani, na akaishia kuzungumza juu ya makali ya mundu. Alijaribu kumwambia mwalimu, mwalimu akadhani anaomba likizo. Ikafika Februari.

"Nilipoanguka lango la nane," akasema, "nilisikia goti likilia kama tawi kavu. Nikalala pale kwenye theluji. Watu wanapiga kelele, mama analia. Na mimi, unajua nilihisi nini?"

"Maumivu."

"Yalikuja baadaye. Kwanza nilihisi raha. Nikajiambia, sasa sihitaji tena kusema. Goti limesema."

Pasi ilikuwa inatoa moshi, akainyanyua.

"Kwa miaka arobaini na miwili kila mtu ananihurumia. Wananinunulia bia kwa ajili ya lile goti. Wanasema, maskini Gebi, angefika mbali. Nami nakunywa bia. Ni bia nzuri. Lakini kila nikiinywa najua kwamba nimeiba."

Nikamuuliza kwa nini basi alibaki karakana, mahali penye ski kila upande. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu anakula mkate.

"Ski sikuzichukia hata siku moja. Nilichoshindwa ni kutazamwa. Humu ndani hakuna anayenitazama, kila mtu anatazama ski zake." Kisha akanirudishia zangu, zikiwa na makali yote, na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza joto la pasi: "Usingoje goti, Nadja."

Nilikaa na maneno hayo siku kumi na sita. Naandika namba hiyo ili mjue mtu mwoga huchukua muda gani.

Mbio za kufunga msimu zilikuwa Jumamosi tarehe 29 Machi, pale pale Schattwand. Barabara ya kupanda kutoka kwetu ina kona kumi na mbili. Kwenye ya tatu, gizani, baba akiwa na themosi kati ya magoti, nilisema.

"Baba, leo ni ya mwisho."

"Najua. Msimu umekwisha."

"Hapana. Ya mwisho kabisa."

Akakata kona ya nne, ya tano na ya sita. Baba akifikiri huendesha vizuri zaidi.

"Goti?"

"Magoti mazima."

"Mwalimu amekusema?"

"Hapana."

"Basi nini?"

"Sitaki tu, baba. Muda mrefu sitaki."

Kona ya saba. Ya nane. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango kama mtu anayetaka kuruka.

"Ungeniambia Novemba," akasema hatimaye, "ningekuwa nimelala."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Alitazama barabara akauliza: "Nani mwingine anajua?"

"Mzee Gebhard. Aliziona ski."

"Naam, aliziona." Akapumua. "Naye alikwambiaje?"

Ikanibidi nimwambie. Nilimwambia lile la goti lote, kuanzia kiangazi cha mundu hadi raha ya kwenye theluji. Mnapaswa kujua kwamba baba yangu alikuwepo siku ile ya 1983. Alikuwa na miaka kumi, amesimama kwenye uzio wa lango la nane, na Gebhard Pircher alikuwa kila kitu kwake. Alilia wiki nzima. Nadhani mimi nilifungwa ski miguuni kwa sababu ya uzio ule, ingawa hajawahi kulisema hivyo. Alisimamisha gari kwenye maegesho ya juu, akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Bia zangu," akasema. "Nimemnunulia bia ngapi mimi mtu huyu."

Akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye banda la nta, ambako siku za mbio Mzee Gebhard hutungoja na ski zetu. Nilibaki garini. Kupitia dirisha lenye ukungu niliwaona wawili, baba akizungumza kwa mikono yote miwili, Mzee Gebhard akiwa ameinama juu ya ski kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kisha baba akakaa juu ya kreti. Kisha Mzee Gebhard akammiminia kitu kwenye kikombe, na hakikuwa bia, maana ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Walipotoka, baba alikuwa amebeba ski zangu begani.

"Amekunolea kana kwamba unakwenda Olimpiki," akasema. "Nenda ukazitumie. Halafu tutaona mama yako anasemaje."

Nilishuka na namba 14. Siku hiyo sikupita pembeni. Nilikata kila lango, la nane pia, nikapiga nguzo kwa mkono mpaka glavu ikachanika. Tumbo lilikuwa bado limejaa maji, hilo halikubadilika, lakini nilijua ni mara ya mwisho kulibeba. Jioni nikapeleka ski karakana. Akazibana, akapitisha ukucha, na ukucha ukateleza bila kuacha unga wowote.

"Leo umeshuka," akasema.

"Nimekuwa wa kumi na tisa."

"Sikukuuliza."

Basi, Mzee Gebhard, Klabu inakushukuru. Inakushukuru kwa nta, kwa tupa, kwa vidonda vya vidole, kwa watoto zaidi ya mia nne waliopita mezani kwako na siri zao ukazinyamazia zote. Kamati imeniagiza nitangaze kwamba bia za Hirschen zitaendelea, ila kuanzia sasa ni kwa ajili ya kazi. Baba anasema ya kwanza ataitoa yeye, na kwamba bado ana hasira kidogo, na kwamba hasira hiyo itakwisha kwenye glasi ya pili. Mama amelia, kisha akauliza kama sasa ninaweza kumsaidia dukani Jumamosi, kwa hiyo sikuokoka sana.

Mimi nakushukuru kwa sababu ulinipa jambo la kusema, na kwa sababu ulinifukuzia Ruben.

Desemba ikija, Jumamosi ya kwanza yenye theluji, tutaamka wote watatu kwa mazoea, wewe kwako, mimi na baba kwetu, saa kumi na moja na nusu, na hakuna atakayekuwa na pa kwenda. Sijui watu huwa wanafanya nini saa hiyo. Tunakutakia maisha mema, wewe na Zita, na afya, na miaka mingi. Ukiona dirisha letu lina taa, usivae viatu. Geuka upande wa pili, vuta blanketi, ulale. Nasi tutazima yetu.

Nadja Oberhofer
kwa niaba ya Klabu ya Ski ya Ausserlahn